Ukishasema "tumemaliza", ndio uanze kupiga: namna ya kupata sura ya mtu mwenyewe

Graduesheni moja pale Makerere, mama mmoja aliyetoka Tororo na gomesi yake ya kung'aa, ile gauni ndefu ya mkanda, alisimama pembeni ya kijana wake kama askari wa getini. Mikono imenyooka, kidevu juu, mdomo umefungwa kabisa. Nikapiga sita. Nikamwambia mama cheka kidogo basi, akaonyesha meno, yaani hakucheka, alionyesha meno tu kama yuko kwa daktari. Ya saba upepo ukabeba kofia ya kijana, mama akairukia kabla haijafika chini, mkono mmoja umeikamata, mwingine umeshika mkanda wa gomesi usifunguke, na kijana anacheka mpaka macho yamepotea. Niliipata sababu kidole kilikuwa bado kwenye kitufe, sio eti nilikuwa mjanja. Picha imelala upande, na kule nyuma kuna kameramani mwingine amekatwa nusu. Nikaprinti zile sita, hiyo nikaiacha. Wiki mbili baadaye simu inalia: "Mtoto wangu, ile ya kofia iko wapi?"

Mimi ni mtu wa Busia, kwetu Kiswahili ndio cha sokoni na cha nyumbani, kazi naifanya Kampala, kwanjula (ile sherehe ya kutambulishana kwa kina bibi harusi kabla ya harusi), ubatizo, graduesheni, chochote kinacholipa. Hapa naandika namna ninavyofanya siku hizi ili ile ya kofia isiwe ya bahati tu. Ukiwa na kamera kubwa sawa, ukiwa na simu pia sawa.

KWANZA UJUE KWA NINI "CHEKA" HAIFANYI KAZI

Kuna daktari Mfaransa anaitwa Duchenne, mwaka 1862 alitoa kazi yake ya kuchunguza misuli ya uso, alikuwa anawagusisha watu umeme usoni halafu anaangalia msuli upi unavuta nini. Akakuta kicheko kina sehemu mbili. Kuna msuli unaovuta pembe za mdomo kwenda juu, huo unakutii, ukiuamrisha unapanda. Na kuna ule unaozunguka jicho, unaoinua shavu na kukunja ngozi pembeni ya jicho, huo kwa watu wengi hausikii amri ya mtu, unakuja wenyewe mwenye uso akifurahi kweli. Sasa wewe ukimwambia mteja sema chiizi unapata mdomo wa sherehe na macho ya msibani. Wako wanaoweza kuudanganya huo wa jicho, waigizaji, na hawa watoto wa TikTok siku hizi nadhani wanazaliwa wakijua, lakini mzee wa Mukono aliyekuja kupiga picha ya familia hawezi, na wewe mbele ya kamera pengine huwezi.

Kwa hiyo kazi yako ni kumfanya asahau kwamba ana uso. Hayo mengine yote ninayosema ni njia za kufika hapo.

HATUA YA 1: MPE POZI LAKE, NA UMPE KWA HESHIMA

Hapa vijana wengi wa kamera wanakosea. Wakiona mzee amekakamaa wanaanza kumsumbua, mzee legea, mzee geuka, mzee smaili, na mzee anazidi kuwa mbao. Acha hiyo. Yule mzee alijifunza picha wakati filamu ina picha 36 na zikiisha zimeisha, mtu anaoga, anavaa koti la Krismasi, anapanda gari mpaka studio mjini, anakaa mbele ya pazia lililochorwa, na anajua kabisa hiyo moja ndio itakaa ukutani mpaka wajukuu waikute. Kukakamaa kwake ni adabu, sio ushamba. Na mambo haya ni ya zamani, kamera za mwanzo za miaka ya 1840 zilitaka mtu akae sekunde nyingi bila kutikisika, wengine walikuwa wanawekewa chuma nyuma ya kichwa kishikilie shingo, sasa hapo ucheke nini.

Mpigie tatu nne za wima, vizuri kabisa, kola umemnyoshea, mwonyeshe kwenye skrini. Akisema "hii sawa" utaona mabega yanashuka yenyewe. Deni lake umelipa, sasa mnaweza kuongea.

Na kuna picha ambazo pozi ndio kazi yenyewe. Ya pasipoti haicheki, sura tulivu, mdomo umefungwa, macho wazi, usimletee mteja ubunifu wako akarudishwa dirishani.

HATUA YA 2: MTOE JUANI

Kampala iko karibu kabisa na ikweta, mstari wenyewe si unaukuta Kayabwe njia ya Masaka, watu wanashuka kupiga picha pale kwenye duara. Maana yake saa sita mchana jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo mawili meusi, na mtu anakunja uso sio kwa sababu amekasirika ila anaungua. Uso uliokunjwa na jua hauna cha kukuambia.

Baraza ya duka, kivuli cha ukuta, mlangoni mwa nyumba mwili ndani na uso unaangalia nje, hizo ni studio za bure. Chini ya mwembe pia sawa ila angalia yale madoadoa ya jua yanayopita kwenye majani yasimkae usoni kama chui. Kama chini ni maram, ule udongo mwekundu wa barabara, ardhi inarudisha mwanga wa joto kwenye uso kutoka chini, mimi napenda sana, watu wa editi wanalalamika.

Jioni ni bora zaidi lakini usizubae. Jua letu linazama karibu saa ileile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na linashuka wima, halizunguki, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu ukienda kununua roleksi, ile chapati ya mayai, ukirudi umeisha.

Jambo moja la ufundi ambalo linaharibu sura nyingi za watu wetu: kanzu nyeupe. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani pana mwanga kupita kiasi, inatia giza, kanzu inatoka nzuri na uso unatoka mkaa. Pandisha mwanga mwenyewe kidogo, kwenye simu gusa usoni halafu vuta kile kialama cha jua kwenda juu, angalia tu kanzu isiungue mpaka mikunjo ipotee.

HATUA YA 3: SETI KAMERA HALAFU UISAHAU

Ukiwa unabonyezabonyeza vitufe mteja anaona ni hospitali. Seti zote maliza kabla hajafika. Shata, yaani kasi ya kamera kufungua na kufunga, mimi naweka 1/250 ya sekunde kwa watu wanaoongea, 1/500 au zaidi kwa watoto na wanaocheza ngoma, fokasi iwe kwenye jicho, na sauti ya klik kama inaweza kuzimwa zima. Upigaji wa mfululizo uwashe, lakini usiwe bunduki, tatu nne kwa wakati zinatosha, ukirudi nyumbani na picha elfu mbili wewe ndio utakayelia.

Kwa simu usimsogelee mtu usoni, lenzi pana ikiwa karibu inavimbisha pua na kupeleka masikio nyuma. Rudi hatua mbili tatu, tumia zuumu ya mara mbili. Na ukiwa mbali kidogo mtu anapumua, hana yule mgeni mwenye kioo puani kwake.

HATUA YA 4: IPE MIKONO KAZI

Mtu akisimama mbele ya kamera kitu cha kwanza anachokosa ni mahali pa kuweka mikono. Anaificha nyuma, anaishika mbele kama anasubiri hukumu, na uso unafuata mikono.

Kwa hiyo mpe kitu. Jajja, yaani nyanya, aendelee kumenya ndizi za matooke, yule mama wa nguo za mitumba soko la Owino aendelee kukung'uta na kukunja, fundi cherehani apitishe uzi kwenye sindano. Kuna bodaboda mmoja steji ya Wandegeya alitaka picha ya kuweka kwenye simu, ameegemea pikipiki, miwani, mguu mmoja juu, unajua lile pozi. Nikampiga. Halafu nikamwambia kaka hebu nifundishe, tairi ya nyuma ikiisha unajuaje kabla haijakumwaga? Weee. Akavua miwani, akachuchumaa, akaanza kuninyooshea kidole kwenye tairi, anabishana na mwenzake kwamba wewe hujui kitu, mwenzake anajibu, mimi napiga tu. Muulize mtu kitu anachokijua kuliko wewe. Usimwambie "fikiria kitu cha furaha", hiyo ni mtihani, na watu kwenye mtihani wana sura za mtihani.

Philippe Halsman, mpiga picha wa kule Marekani, miaka ya 1950 akimaliza kupiga watu wakubwa alikuwa anawaomba waruke juu. Hata Richard Nixon akiwa makamu wa rais aliruka na suti yake. Hoja ya Halsman ni kwamba mtu akiwa hewani anashughulika na kuruka, hana nafasi ya kushikilia uso. Kwa watoto inafanya kazi kila siku ya Mungu, kwa mheshimiwa wa hapa kwetu sijathubutu.

Na lugha jameni. Uso unafunguka kwa lugha. Mteja wa Arua nilimsemesha Kiingereza nusu saa, ngumu, nikageuza Kiswahili akaanza kuniuliza wewe ni wa wapi na hadithi zikaanza. Lakini usidhani Kiswahili ni ufunguo wa kila mlango, wako wazee wa Kampala ukiwasemesha Kiswahili wanakumbuka askari na vizuizi vya barabarani, uso unafungwa paap. Huyo mpe Luganda hata kama ni ya kuvunjika, tena ya kuvunjika ndio nzuri, atakucheka na hicho kicheko ndicho unachotaka.

HATUA YA 5: SEMA "TUMEMALIZA"

Hii ndio siri yangu kama ni siri. Shusha kamera mpaka kifuani, tabasamu, sema "Haya mama, asante sana, tumemaliza." Usizime. Usigeuke. Kidole kibaki palepale.

Kwa sekunde chache zinazofuata mtu anarudi. Anapumua nje, anamwangalia mwenzake kama kumuuliza tulikuwaje, bibi anamfuta babu kitu kwenye shavu, mtoto anamwangukia mama yake mapajani. Mume na mke ambao kwenye pozi walisimama kama majirani waliogombania mpaka, wakisikia tumemaliza mkono unatafuta mkono wenyewe. Piga hapo, tatu, halafu waambie palepale, "nimeongeza zingine, njooni muone". Mimi sijawahi kupata mtu aliyekasirika, wengi wanacheka na hapo unapata zingine.

Lakini usiende pale unawinda meno tu. Sura ya kweli sio lazima kicheko. Desemba 1941 kule Ottawa, Yousuf Karsh, mpiga picha wa Kanada, alikuwa ampige Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, mzee amemaliza hotuba bungeni Kanada, ana siga mdomoni na hataki kuitoa. Taa zimewekwa, kila kitu tayari. Karsh akasogea akaichomoa ile siga mdomoni mwa mzee, akarudi kwenye kamera, na kufika pale Churchill ana uso wa simba aliyenyang'anywa nyama. Klik. Baadaye Churchill akatulia, akamruhusu apige nyingine, na katika hiyo anatabasamu. Sasa niambie ni ipi ilizunguka dunia. Ile ya hasira, mpaka mwaka 2016 Waingereza wakaiweka kwenye noti yao ya pauni tano. Ona pia kwamba Karsh alikuwa na kila pozi, kiti, mwanga, mpango wote, kitu kimoja tu ndicho hakukipanga: Churchill mwenyewe. Siga ya mteja lakini usiiguse, wewe sio Karsh na yule mteja bado hajakulipa.

HATUA YA 6: KWENYE SHEREHE, GEUKA

Kwanjula ni shule. Kila mtu ana nafasi yake, kanzu na koti upande huu, gomesi upande ule, mahema yanaangaliana, wasemaji wa pande mbili wanachokozana kwenye maiki. Ssenga, yaani yule shangazi wa bibi harusi, atakuja kumtafuta bwana harusi katikati ya wageni ampachike ua, na kameramani wote watamkimbilia. Na wewe mpige, hiyo ni ya lazima, ukiikosa usidai pesa yako yote. Lakini ukishaipata geuka nyuma.

Mwangalie baba wa msichana. Msemaji anatania, hema zima linacheka, baba naye anacheka, halafu binti anatoka na wenzake, anapiga magoti kusalimia, na baba anaacha kucheka, anameza mate, anaangalia kiatu chake. Ni sekunde moja hiyo. Hakuna mtu atakayekuambia uipige na hakuna pozi litakaloirudisha. Mwangalie pia kaka wa bibi harusi akikabidhiwa jogoo wake wa desturi, jogoo hajui kupozi, atapiga mbawa tu na uso wa kaka utafanya unachojua. Wasichana wanaosubiri nyuma ya nyumba kabla hawajaitwa, mmoja anamfunga mwenzake mkanda, mmoja anakula sambusa kwa siri. Hapo karibu na mlango wa nyuma mimi nakaa sana.

Ila usipige mtu anatafuna. Wala katikati ya neno mdomo uko wazi upande. Kuna watu wamesikia kwamba picha ya ghafla ndio nzuri, basi wanamletea mteja picha mia za midomo wazi na macho nusu, halafu wanaita sanaa. Mtu akiongea subiri mwisho wa sentensi, pale anapofunga mdomo na kukuangalia kama ulisikia. Mwenye kufanya utani, usimpige yeye, piga aliyetaniwa.

HATUA YA 7: KUNDI

Picha ya ukoo wote mbele ya nyumba haiwezi kuwa ya bahati, wapange tu, wazee wakae, watoto chini. Shida hapo ni kope. Mtu anapepesa kama mara 15 mpaka 20 kwa dakika, sasa zidisha na watu. Kuna wawili kule Australia, Nic Svenson na Piers Barnes, walikaa wakapiga hesabu ya jambo hili mpaka wakapata ile tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel mwaka 2006, na kanuni yao ni rahisi: kundi likiwa chini ya watu 20, gawanya idadi yao kwa tatu kama mwanga ni mzuri, kwa mbili kama ni mbaya, unapata ni picha ngapi upige ili moja iwe na macho yote wazi. Watu 15 mchana mzuri, picha tano. Mimi naongeza mbili sababu kuna mjomba mmoja kila ukoo.

Halafu sema tumemaliza. Mnajua inayofuata.

RUHUSA

Kumpiga mtu akiwa hajipangi sio kumwibia. Mwambie mapema utakuwa unazunguka na kamera. Mtoto wa mtu, uliza mzazi. Kuweka kwenye mtandao ni ruhusa nyingine tofauti, na Uganda tuna sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu 2019, uso wa mtu ni wake. Akisema futa, futa mbele yake.

HATUA YA MWISHO: KUCHAGUA, NA SIO PALEPALE

Usifute kwenye kamera ukiwa bado kazini, hapo kichwa kinatafuta kasoro, iliyolala, iliyokatwa, nyuma kuna ndoo. Nenda nyumbani, lala, kesho fungua kwenye skrini kubwa na uanze na macho, je yule msuli wa pembeni umekunjika? Halafu mikono, inafanya kitu au imetundikwa? Ndoo ya nyuma iangalie mwisho, mara nyingi unaikata au unaiacha, ndoo ni ya nyumbani kwao.

Mteja mpelekee aina zote mbili bila kumwambia ipi wewe umeipenda. Ile ya kofia niliikuta kwenye kadi kwa sababu ya uvivu tu, nilikuwa sijaifomati. Mama akaprinti kubwa mbili, moja ya sebuleni, moja ya kijana. Zile sita za wima nazo alichukua zote, akasema hizo ni za watu wa kanisani.